Hati Zilizoungua na Hati Zilizopona: Kisa cha Johann Martin Lappenberg wa Hamburg

Jumba la Baraza la Hamburg lililipuliwa kwa makusudi. Ilikuwa Mei 1842, katika moto ulioanza tarehe 5, sikukuu ya Kupaa Bwana. Moto uliozuka usiku wa manane katika mtaa wa Deichstraße ulikuwa umewashinda wazimamoto, na Seneti, yaani serikali ya mji, ikaridhia jumba lake litiwe baruti ili nafasi itakayobaki iuzuie. Haikusaidia kitu. Moto uliipita nafasi hiyo na kuendelea kula mitaa mpaka asubuhi ya Mei 8. Jumba hilo ndilo lililokuwa na hifadhi ya nyaraka za jiji, na mwenye dhamana ya hifadhi, kwa mwaka wa 19 sasa, alikuwa Johann Martin Lappenberg: mwanasheria kwa shahada, mwanadiplomasia wa zamani, na wakati huo mwanahistoria wa mji wake kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwa hai.

Mwaka huohuo wa 1842 ndio aliotoa kitabu chake kikubwa kuhusu Hamburg, mkusanyiko wa hati za kale za mji na kanisa lake mpaka mwaka 1300. Nakala nyingi za kitabu hicho ziliteketea katika moto uleule ulioteketeza sehemu kubwa ya hifadhi yenyewe. Hati halisi na chapa yake zikashikwa na janga moja, wiki moja, mji mmoja. Watu wengi humsimulia Lappenberg kama msomi aliyeokoa kumbukumbu za mji, na ni kweli kwa kiasi. Mimi naona kisa chake kinavutia zaidi ukiuliza jambo jingine: ni kitu gani hasa kilichopona, na kilipona kwa sababu gani?

Daktari ambaye hakuwa

Lappenberg alizaliwa Hamburg tarehe 30 Julai 1794. Ujana wake uliangukia miaka mibaya. Majeshi ya Napoleon yaliingia mjini mwaka 1806, na kuanzia 1811 Hamburg ikafanywa sehemu ya Ufaransa kabisa, mpaka 1814. Kijana alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari, lakini huko moyo ukahamia kwenye historia na mambo ya dola. Alikaa London kwa muda, akarudi Ujerumani kusoma Berlin na Göttingen, na mwaka 1816 akapata udaktari wa sheria katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Baba yake alitaka daktari, akapata daktari wa namna nyingine.

Mwaka 1820 Seneti ilimtuma Berlin kuwa balozi mkazi wa Hamburg kwa mfalme wa Prussia. Msomaji wa leo anaweza kushangaa: mji kuwa na balozi? Hamburg ilikuwa dola. Shirikisho la Wajerumani lililoundwa mwaka 1815 lilikuwa na wanachama wapatao 39, na wanne kati yao walikuwa miji huru: Hamburg, Bremen, Lübeck na Frankfurt. Mji ulikuwa na bendera yake, makonsuli wake na mikataba yake. Jeshi la maana haukuwa nalo. Upande mmoja kulikuwa na Prussia, upande mwingine Hanover, na kaskazini Holstein iliyotawaliwa na mfalme wa Denmark. Mji wa hali hiyo huishi kwa biashara na kwa karatasi.

Neno karatasi nalisema kwa maana yake halisi. Mwaka 1618 Mahakama Kuu ya Dola Takatifu ya Kirumi iliamua kwamba Hamburg ni mji wa Kaisari na si mali ya watawala wa Holstein. Majirani hao walikataa kuukubali uamuzi huo kwa miaka 150, hadi mkataba wa Gottorp wa mwaka 1768. Kwa muda wote huo, kila mjumbe wa Hamburg aliyekwenda kujadiliana alihitaji mtu nyuma yake anayejua jalada lipi liko wapi, muhuri upi umening'inia kwenye hati ipi, na nani aliahidi nini mwaka gani. Ndiyo maana kazi ya kutunza nyaraka mwaka 1823 ilipewa mwanasheria aliyetoka kwenye ubalozi. Haikuwa kazi ya kupumzishia mzee. Ilikuwa masijala ya serikali, na serikali iliishi kwa masijala hiyo.

Ramani ya mita 12

Nichukue kitu kimoja kutoka kwenye mikono ya Lappenberg ili ionekane alikuwa akishika nini kila siku. Katika karne ya 16 Hamburg iligombana na watawala wa Braunschweig-Lüneburg juu ya mto Elbe: nani ana haki ya kusimamia njia ya meli na kulazimisha bidhaa zipitie soko lake. Shauri lilifika Mahakama Kuu. Mji ukamwagiza mchoraji Melchior Lorichs achore mto, kutoka juu ya mji mpaka kwenye mdomo wake baharini. Kazi ilikamilika mwaka 1568. Ramani ina urefu wa mita 12 hivi na upana wa mita 1, imechorwa kwa rangi, ikionyesha visiwa, vijiji vya kando, meli zinazopita na maboya yanayoonyesha mkondo.

Maboya hayo hayakuwa pambo. Mwenye kuweka maboya na kuyatunza ndiye anayeubeba mto, na anayeubeba mto ana hoja mahakamani. Kila boya lililochorwa lilikuwa ni kama sentensi katika maelezo ya mlalamikiwa. Leo ramani hiyo huangaliwa kama kazi ya sanaa na jiografia, lakini ilizaliwa ikiwa kielelezo cha kesi. Lappenberg aliichapisha mwaka 1847 pamoja na maelezo yake, na jicho lililoweza kuisoma namna hiyo lilikuwa jicho la mwanasheria.

Jicho hilohilo lina upande wake wa pili. Hamburg ilikuwa pia na barua iliyodaiwa kutolewa na Kaisari Frederick Barbarossa tarehe 7 Mei 1189, ikiwapa watu wa mji ruhusa ya kupita Elbe hadi baharini bila kulipa ushuru. Uchunguzi wa wataalamu wa baadaye ulionyesha kwamba hati iliyopo iliandikwa miaka ya 1260, muda mrefu baada ya Barbarossa kufa. Kwa lugha ya mahakama za kwetu, hiyo ni hati ya kughushi iliyotumika kudai haki ambayo mji tayari ulikuwa ukiitumia. Hata hivyo kila mwaka, karibu na Mei 7, Hamburg husherehekea siku ya kuzaliwa kwa bandari yake kwa meli na fataki. Sherehe haikosi watu kwa sababu ya uchunguzi.

Kitabu cha hati

Lappenberg hakuanza na Hamburg. Mwaka 1830 alitoa kazi ya kuendeleza utafiti wa Georg Sartorius, aliyekwisha kufariki, juu ya chimbuko la Hanse, ule umoja wa miji ya wafanyabiashara wa bahari ya kaskazini. Mwaka 1834 na 1837 alitoa juzuu mbili za historia ya Uingereza hadi mwaka 1154, na zikatafsiriwa kwa Kiingereza. Ndizo zilizompa jina Ulaya. Mtu mwingine angebaki huko juu. Yeye mwaka 1839 alishiriki kuanzisha chama cha historia ya Hamburg, akawa kiongozi wake, na chama kikaanza kutoa jarida lake mwaka 1841. Kutoka historia ya taifa kubwa hadi mitaa ya mji wake: wapo wanaoona huko ni kushuka. Sikubaliani nao, na kitabu cha 1842 ndicho shahidi wangu.

Kitabu cha namna hiyo kinafanya hivi. Kila hati inapewa namba na tarehe. Maandishi yake, mengi ya Kilatini, yanachapishwa neno kwa neno. Mhariri anaeleza asili iko wapi, kama ni ngozi yenye muhuri au ni nakala tu katika daftari la baadaye, na mahali nakala mbili zinapotofautiana. Hakuna masimulizi, hakuna mashujaa. Ni kama kumkabidhi jaji bunda la vielelezo na kumwambia asome mwenyewe. Kwa msomaji wa kawaida ni kitabu kikavu kuliko mbao. Kwa mtu anayetaka kujua kiwanja cha kanisa kiliuzwa kwa nani mwaka 1250, hakina mfano.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lappenberg alikuwa akiifanya kazi kinyumenyume: mali nyingi za zamani zilikwisha kupotea. Kanisa kuu la Hamburg lenyewe lilibomolewa kati ya 1804 na 1807, kwa amri ya mji. Lililobaki ni daftari, na daftari nalo lilikuwa moja.

Siku nne

Majira ya kuchipua ya 1842 yalikuwa makavu na maji ya mifereji yalikuwa yamepungua. Deichstraße ilikuwa mtaa wa maghala, na maghala yalijaa vitu ambavyo moto unavipenda: pombe kali, sandarusi, kafuri. Pombe ilimwagika mferejini, na mferejini ndimo pampu zilimokuwa zikinyonya maji. Mamlaka zilisita kubomoa nyumba za watu mapema, wakati hatua hiyo ingeweza kusaidia. Zilipokubali, moto ulikuwa umevimba. Mnara wa kanisa la Mtakatifu Nikolai ulianguka siku ya kwanza. Kanisa la Mtakatifu Petro liliungua Mei 7. Watu 51 walikufa, watu wapatao 20,000 wakabaki bila makazi, nyumba zipatazo 1,700 zikateketea. Reli mpya ya kwenda Bergedorf, iliyokuwa izinduliwe rasmi Mei 7, ilianza kazi kabla ya sherehe kwa kubeba waliokimbia.

Katika hali hiyo, majalada yanaokolewa vipi? Kwa mikono na mikokoteni, na kwa haraka ya mtu aliyeambiwa jengo linalipuliwa. Sehemu ya hifadhi iliwahi kutolewa. Sehemu kubwa haikuwahi. Hapa ndipo wachambuzi wengine humlaumu mtunza nyaraka: miaka 19 kazini, na bado kila kitu kiko katikati ya mji wa mbao? Lawama hiyo haina uzito kwangu. Aliyewahi kufanya kazi masijala anajua kwamba mwenye funguo za makabati si mwenye uamuzi wa jengo. Seneti ilitaka nyaraka karibu na meza yake kwa sababu ilizitumia. Karibu na meza ndiko zilikoungulia.

Lawama ninayoweza kuikubali ni nyingine, nayo haimhusu yeye peke yake. Kuchapisha ni kinga nzuri, ila chapa ikibaki imerundikwa ghalani mjini, haitofautiani sana na hati iliyo kabatini. Kitabu cha 1842 kilikuwa kimekwisha kuchapwa lakini kilikuwa bado hakijasambaa. Nakala chache zikapona. Kwa miaka 65 wataalamu walitegemea hizo chache, hadi kilipochapwa upya mwaka 1907 kwa mtindo wa kunakili kurasa zilezile za awali.

Linganisha na jambo ambalo Lappenberg alilijua kwa kina. Mwaka 845 Wavikingi waliivamia Hamburg, wakati huo ngome ndogo tu, wakaichoma. Mwanafunzi wa Askofu Ansgar aliyeandika habari za maisha yake anasimulia kwamba kanisa na nyumba ya watawa viliungua, na pamoja navyo Biblia nzuri iliyotolewa na Kaisari. Nakala ilikuwa moja, mahali pamoja, na haikupatikana tena. Kisha katika miaka ya 1070 Adam wa Bremen aliandika historia ya maaskofu wakuu wa Hamburg. Kitabu chake kilinakiliwa, nakala zikaenda huku na huko. Leo miswada yake iko Leiden, Vienna na Copenhagen. Lappenberg alipokuja kuhariri kazi ya Adam, toleo lililotoka mwaka 1846, moto wa Hamburg haukuwa umeigusa. Haukuweza, kwa sababu Adam hakuwa anaishi nyumba moja.

Baada ya majivu

Tazama tarehe za machapisho yake baada ya moto. Mwaka 1845 alitoa sheria za kale za Hamburg, na mwaka huohuo akatoa kitabu juu ya picha zilizomo katika mswada wa sheria za mji wa 1497. Picha moja ya mswada huo, iliyo mwanzoni mwa sheria za meli, inaonyesha bandari: meli zimefunga, winchi kubwa ya mbao, wafanyabiashara wamesimama wakizungumza. Mwaka 1846 ukaja Adam, 1847 ramani ya Elbe, 1851 historia ya Stalhof, lile jengo la wafanyabiashara wa Hanse jijini London, na kuanzia 1852 kumbukumbu za kale za Hamburg zilizoandikwa kwa Kijerumani cha Kaskazini, kazi iliyoendelea hadi 1861.

Mimi husoma orodha hiyo kama mwendo wa mtu aliyeshtuka. Kabla ya moto alikuwa na muda wa kuandika historia ya Uingereza. Baada ya moto karibu kila kitu ni kutoa kabatini, kuhariri, kuchapa, kupeleka nje. Historia ya Uingereza aliiachia; juzuu zilizofuata, hadi mwaka 1509, ziliandikwa na Reinhold Pauli.

Kitabu cha Stalhof kina ladha ya pekee. Miji mitatu ya Hanse bado ilikuwa inamiliki eneo hilo kando ya mto Thames, karne kadhaa baada ya enzi yake kupita, na miaka michache baada ya kitabu kutoka iliuza. Mwanahistoria alikuwa amemaliza kukusanya hati zote za umiliki muda mfupi kabla ya mwenye mali kuiuza. Stesheni ya Cannon Street ikajengwa hapo, ikafunguliwa mwaka 1866. Sidhani kama kuna wakili angepanga bora zaidi.

Siasa hakuiacha kabisa. Mwaka 1850 aliiwakilisha Hamburg katika baraza la Wajerumani huko Frankfurt. Lakini macho yalianza kumsaliti, macho yaleyale yaliyosoma mwandiko wa Kilatini kwa miaka 40, na mwaka 1863 akaachia kazi ya hifadhi. Alifariki tarehe 28 Novemba 1865.

Mlango wa Zanzibar

Katika miaka yake ya mwisho kazini Hamburg ilifunga mkataba ambao msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuuruka. Juni 1859 miji ya Hanse, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck, iliwekeana mkataba wa biashara na Sultani Majid wa Zanzibar. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa Unguja tangu 1849, na Hansing ikafuata muda mfupi baadaye. Biashara iliyowaingiza ilikuwa ya kauri, yale makombe madogo ya baharini: zinanunuliwa kwenye mwambao wetu, zinapelekwa Afrika Magharibi ambako zilikuwa fedha, meli zinarudi Ulaya na mafuta ya mawese. Hilo lilikuwa robo karne kabla ya Carl Peters kuja na karatasi zake za kusainisha machifu bara.

Mkataba wa 1859 ulikuwa wa mji wa wafanyabiashara kwa dola ya wafanyabiashara. Nauona tofauti sana na zile za 1884, kwa sababu pande zote mbili zilijua maana ya hati yenye muhuri na zilikuwa na kumbukumbu zake. Karatasi za O'Swald ziko leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Hamburg, ileile aliyoisimamia Lappenberg, sasa ikiwa Wandsbek, mbali na mahali ilipoungulia. Mtu anayetafiti bei za karafuu, pembe na kauri Unguja katikati ya karne ya 19 hulazimika kufika huko, au kumtegemea aliyefika.

Na ule mkusanyiko wa hati? Juzuu ya pili, inayoanzia 1301 na kuishia 1336, ilianza kutoka mwaka 1911 na sehemu zake zikakamilika 1939. Kati ya juzuu ya kwanza na mwanzo wa ya pili ilipita miaka 69. Maazimio ya mikutano ya Hanse, kazi nyingine iliyomhusu Lappenberg kupitia Tume ya Historia ya Munich, yalianza kuchapishwa mwaka 1870 chini ya Karl Koppmann, miaka mitano baada ya Lappenberg kuzikwa. Hamburg nayo ilikaa miaka 55 bila Jumba la Baraza. Jipya lilifunguliwa 1897. Mji uliofufua soko lake la hisa haraka, kwa vile jengo lake lilinusurika, haukuwa na haraka hiyo kwa hati zake, na sidhani Lappenberg, aliyewahi kuutumikia kama balozi, angeshangaa.